Mdogo wangu analala barazani, na majirani hawajui kuwa ni wangu

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Tandika, nina mume na watoto wawili. Mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, ni teja. Alianza akiwa konda wa daladala, wakivuta kijiweni. Mwanzoni bangi tupu, baadaye kokteli, bangi iliyochanganywa na unga. Niliishi naye. Akauza mtungi wa gesi, tukasamehe. Akauza simu ya mume wangu, tukasamehe. Alipobeba hadi begi la shule la mtoto, mume wangu akamtoa. Huu ni mwaka wa pili analala na wenzake kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, jirani kabisa na ninapopikia. Anaokota makopo na vyuma chakavu. Mchana wateja wakipungua anapita, nampa kopo la wali, analipokea bila kuniangalia usoni. Pale hakuna anayejua kuwa ni mdogo wangu.

Wiki iliyopita mjumbe aliitisha kikao kwa sababu mifuniko ya chemba inaibwa. Vijana wa ulinzi shirikishi wanataka kuwatimua usiku na kuchoma maboksi yao. Mama mmoja akasema wale si watu tena. Mimi nikanyamaza. Kikao kingine ni Jumapili. Niseme? Nimrudishe nyumbani? Akishikwa na arosto ananiomba elfu mbili, nimpe? Na mama yetu yuko Korogwe, anajua mwanawe ana kazi bandarini. Nifanyeje? Dada wa Tandika."

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo elfu mbili, maana hilo ndilo swali linalokuja mlangoni kwako kila siku wakati mengine yanasubiri. Usimpe pesa mkononi. Chakula mpe, maji mpe, sabuni mpe, hata nauli mlipie wewe mwenyewe kwa konda. Ila usijidanganye kwamba ukimnyima pesa ndiyo ataacha. Mvutaji wa heroini aliyezoea, zikipita saa sita hadi kumi na mbili tangu avute, mwili unaanza kumdai, ndiyo hiyo arosto: miayo, machozi, kamasi, mifupa inauma, tumbo linakata, anatapika, anaharisha, usingizi hamna. Alfajiri mdogo wako hatafuti raha. Raha iliisha zamani. Anatafuta namna ya kusimama wima. Ukiona mtu mzima ameuza begi la shule la mtoto, ujue alikuwa kwenye hali hiyo. Sikuambii hivi ili umwone hana kosa. Begi ni la mtoto, na mtoto alilia. Nakuambia ili usipoteze mwaka mwingine ukingoja aone aibu ndipo aache. Aibu anayo tele, na haijamsaidia.

Kuhusu nyumba, mume wako hajakosea, na usimgombeze. Nyumba yenye watoto haiwezi kuwa sehemu ya kila kitu kubebwa. Usimrudishe sasa hivi. Lakini mume wako alimtoa nyumbani tu. Aliyemtoa kwenye ukoo ni ukimya wako, na hilo unaweza kulirekebisha bila kubadilisha kitasa.

Umenisimulia jinsi anavyopokea kopo bila kukuangalia. Nadhani umelichukulia kuwa ni ukatili wa unga. Mimi nalisoma vingine. Anajua una wateja, anajua watu wa pale wanavyomwona, na hataki wajue kuwa wewe ni dada yake. Inawezekana nimekosea, wewe unamjua zaidi. Ila siku moja kabla ya Jumapili, mwite kwa jina lake, muulize amekula nini jana, ukae naye chini dakika kumi. Usimhubirie. Mwambie tu unataka kumpeleka Temeke.

Temeke namaanisha hospitali ya rufaa, kwenye kliniki ya methadoni. Tanzania ilianza huduma hii Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na sasa ipo mikoa kadhaa. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa, hasa anayeanza, anaenda kila siku, anapewa kikombe dirishani, anakinywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Dozi ikishakaa sawa, arosto inatulia mchana na usiku bila kumlewesha. Kwenye kliniki za serikali dawa hailipiwi. Kwa kawaida watu hufika kupitia asasi zinazopita vijiweni kuwafuata waraibu, na wengi wa hao wahamasishaji nao walishapita hukohuko. Muulize mdogo wako, huenda anawajua kwa majina. Asipowajua, nenda wewe hospitalini uulize utaratibu wa kumwandikisha. Watampima pia kifua kikuu, VVU na homa ya ini, na hayo ni ya muhimu kwa mtu aliyelala nje muda wote huo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ndugu wengi wanapokata tamaa. Wiki za kwanza dozi huwa ndogo na hupandishwa polepole, kwa usalama. Katika muda huo anaweza bado kuvuta. Utamkuta anasinzia barazani na utasema kumbe nimedanganywa. Hujadanganywa. Mwache aendelee kwenda. Wengi hukaa kwenye dawa hiyo miaka, na mtaani watasema amehama unga mmoja akaingia mwingine. Waache waseme. Mtu asiyeamka na kazi ya kusaka pesa ya kete anaweza kuamka akafanya kazi nyingine, na mtungi wa gesi wa jirani unabaki mahali pake. Kinachowaangusha wengi ni nauli ya kila siku, siku saba kwa wiki, Jumapili na sikukuu humo humo. Wako ana bahati: kutoka Tandika hadi hospitali ya Temeke anaenda kwa miguu.

Wapo watakaokushauri umfungie chumbani wiki nzima mpaka imtoke, kwa maombi au kwa mganga. Usikubali. Arosto kali hupungua ndani ya wiki moja hivi, lakini hamu haipungui, na mwili ulioacha siku chache hauvumilii tena kiasi ulichozoea. Akitoka humo akavuta kama zamani, anaweza kufa siku hiyohiyo. Na kama anachanganya na pombe kali au vidonge vya usingizi, kukatisha ghafla kunaweza kumletea degedege. Hilo linataka daktari. Nyumba za soba, wanakokaa waraibu wanaotaka kuacha, nazo zipo, Dar, Bagamoyo, Tanga, Zanzibar. Nyingine zimesaidia watu kweli, lakini nyingi zinatoza pesa. Kabla ya kulipa omba kuona wanapolala, uliza mgonjwa akizidiwa wanampeleka wapi, na ukikuta mtu amefungwa mnyororo geuza.

Methadoni haina kitanda, na kliniki haitampa pa kulala. Hilo ni lenu wawili wewe na mume wako. Mkiona ametulia miezi kadhaa, dirishani anaenda, amepata hata kibarua cha kubeba mizigo sokoni, zungumzeni juu ya chumba cha kupanga, akae na mwenzake aliye kwenye dawa vilevile. Wenye nyumba watataka kodi ya miezi mitatu au sita mkupuo, kwa hiyo anza kuweka kidogokidogo kuanzia sasa, na ukifika wakati mlipe mwenye nyumba, usipitishie kwake. Kwenu anaweza kuja kula Jumapili na kuondoka jioni. Mwanzo huo unatosha.

Tuje kwenye kikao. Ndiyo, sema. Lakini mume wako asisikie kikaoni mbele za watu, mweleze kwanza. Mdogo wako naye mwambie kuwa utamtaja. Kisha mfuate mjumbe faragha kabla ya Jumapili, maana mjumbe akishtukizwa mbele ya watu atasimama na wengi. Jumapili usiende na machozi wala hotuba. Sema: yule anayeokota makopo na kupita kwangu mchana ni mdogo wangu, tumbo moja, nampeleka Temeke wiki hii, naomba asipigwe. Wale wanaosema si watu watapata shida kidogo kulirudia mbele yako, kwa sababu wamekula wali wako miaka yote.

Usiahidi kwamba hajaiba mfuniko. Hujui. Kama ameiba, polisi wapo na mahakama ipo. Lakini waulize wenzako swali hili: teja hali chuma. Mfuniko wa chemba ni mzito na unajulikana na kila mtu, na yupo mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani anayeupima na kuulipia mchana kweupe. Mbona hajaitwa kikaoni? Mkiziba pale, wizi wa mifuniko utapungua kuliko mkichoma maboksi. Kuwatimua usiku kunawahamishia mtaa wa pili tu, wahamasishaji wanawapoteza, na aliyekuwa anameza dawa za kifua kikuu anazikatisha, kisha anakohoa kwenye daladala mnayopanda nyote. Halafu vijana wenye fimbo usiku, nani atawazuia mmoja wao akizidisha? Mtu akifa pale, atakayebeba kesi ni mtaa.

Mwenye duka naye ana haki yake. Baraza ni lake, na asubuhi akikuta kinyesi mlangoni nani atamlaumu akikasirika? Pendekeza jambo dogo linalowezekana: waondoke kabla hajafungua, wafagie, na mambo ya kuvutia hapo yasiwepo. Nawe ukipeleka ufagio na ndoo ya maji, ombi lako litasikika zaidi.

Amebaki mama. Mwambie, na usimwambie kwa simu. Baada ya kikao habari itasafiri yenyewe, na mabasi ya Korogwe hayakosi wa Tandika. Panda wewe kwanza, ukae naye siku mbili. Pengine atasema mlete huku kijijini, hewa nzuri, atalima, atasahau. Wazazi wengi hudhani hivyo. Mweleze kwamba akishaandikishwa, dozi yake ya kila siku iko Temeke, na akiondoka bila kliniki kupanga uhamisho, arosto itamkuta hukohuko kijijini, siku chache tu baada ya kufika. Akitaka kumwona mwanawe, aje yeye Dar, alale kwako, asubuhi mfuatane wote mpaka dirishani.