Jibu: Kurt Warner alikuwa wapi kabla ya 1999?
Salama mkuu. Umekwama kwa sababu jedwali la NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, linampa kwotabeki huyu (mrusha pasi wa timu) pasi 11 tu mwaka 1998, halafu ghafla 1999 pasi 41 za mabao. Hata mimi nilidhani ukurasa una kasoro. Anza kuangalia ligi nyingine: ile ya ndani ya ukumbi, alikochezea Iowa Barnstormers 1995 hadi 1997, kisha ile ya Ulaya, na Amsterdam Admirals 1998. Kabla ya hapo Packers, timu ya NFL, walimtema 1994, akawa anapanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi usiku. Rams, timu nyingine ya NFL, walimpa namba 1999 baada ya kwotabeki wao Trent Green kuumia goti. Uwanja wa ukumbini ni yadi 50 tu, usipouachia mpira haraka unaangushwa chini. Titans, wapinzani wa Rams, waliijua kasi hiyo kwenye Super Bowl, fainali ya NFL: pasi za yadi 414!