Bawa Zito, Silinda Inayochemka na Maswali Mengine ya Wanaojiundia Ndege

Haya jamani, barua za mwezi huu zimekuwa nyingi na karibu zote zinatoka kwa watu ambao ndege zao tayari zimeshapaa, sio wale wa "nianzie wapi". Nimefurahi. Kwa msomaji mgeni, hapa tunaongelea ndege za kujiundia mwenyewe, vipande vinakuja kwenye makreti pamoja na michoro, unavipiga ribiti gereji kwako miaka kadhaa halafu unapaa navyo. Wenyewe wanaziita kiti, yaani "kit" ya Kiingereza, sio kiti cha kukalia lakini, japo mke wangu alikuwa anasema hiyo kiti imekula viti vyote vya nyumbani. Mimi niliunda RV-7A hapa Ohio, zile za kampuni ya Oregon iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven miaka ya 70, kwa hiyo majibu yangu mengi yanaegemea huko.

Shikamoo fundi. Niko Dallas, RV-7A yangu ina masaa 9 tu hewani. Nikiiachia stiki ya kuongozea inalalia kushoto, sio taratibu, yaani kabla sijakunja ramani bawa limeshashuka. Jamaa wa hangani ananiambia nibandike kabari kwenye aileroni, vile vibati vya nyuma ya mabawa vinavyolaza ndege kushoto na kulia, niachane nayo. Nibandike?

Marahaba ndugu yangu, na hongera ya masaa 9. Usibandike kitu bado. Kabari inaficha ugonjwa, haiponyi, na ukishaibandika hutajua tena tatizo lilikuwa wapi.

Anza na gololi. Ile gololi ya kwenye kioo inayokuonyesha kama ndege inateleza upande. Kama haiko katikati ukiwa unaenda mwendo wako wa safari, basi ndege inaruka kiubavu na bawa moja lazima lishuke, hata aileroni ziwe zimenyooka kama rula. Ila kwanza hakikisha gololi yenyewe sio muongo: ipandishe ndege kwenye stendi, iweke levo sawasawa kushoto na kulia halafu uangalie gololi imekaa wapi. Nimeona ndege mbili ambazo dashibodi ilikatwa kombo kidogo na wenyewe wakahangaika na mkia miezi mitatu. Ikiwa gololi ni mkweli na inakimbilia kulia, maana yake ndege inataka ukanyage pedali ya kulia, basi kabari ndogo inaenda upande wa KUSHOTO wa usukani wa mkia, hewa inausukuma huo usukani kwenda kulia. Watu wengi wanaweka kinyume. Anza na kipande cha mbao umekishika kwa gundi ya tepu, uruke, upunguze, uruke tena, mpaka itulie ndio uweke ya kudumu. Na kama bado hujafunga vifuniko vya matairi na vya miguu, subiri, kwa sababu vikikaa kombo hata kidogo vinafanya kazi kama usukani na utarudi mwanzo.

Pili, mafuta. RV-7 ina matanki mawili ya galoni 21 kila moja, na galoni moja ya avgas, petroli ya ndege, ni kama kilo 2.7. Ukichota tanki la kulia tu kwa saa nzima, la kushoto linakuwa zito kwa kilo ishirini na kitu, halafu uzito wenyewe uko kwenye bawa. Na wewe mwenyewe umekaa kushoto peke yako! Najua uko kwenye kipindi cha majaribio na huruhusiwi abiria, kwa hiyo funga mifuko ya mchanga kiti cha kulia, chomoa ile stiki ya kulia isije ikabanwa, kaza mikanda kabisa, matanki yote sawa, halafu ndio useme bawa ni zito.

Tatu, flapu, vile vibati vya nyuma ya mabawa unavyoshusha wakati wa kutua. Zipandishe mpaka mwisho uangalie kwa nyuma kama zote mbili zimefika. Milimita mbili tatu za tofauti unazisikia hewani.

Sasa kama yote hayo ni sawa na bado inalala, ndio tunafika kwenye aileroni zenyewe. Aileroni za RV-7 bati lake limekunjwa ncha ya nyuma, halikupigwa ribiti pale. Ule mkunjo ukiwa haujabanwa vizuri bati linavimba kama tumbo kabla ya kufika nchani. Chukua rula ya chuma iweke juu ya aileroni kutoka mbele kwenda nyuma. Inatakiwa ilale bapa mpaka pale mkunjo unapoanza. Rula ikicheza, inapanda inashuka kama bembea, hapo pamevimba.

Na hapa ndipo nilipojichomea mwenyewe. Ndege yangu nayo ilikuwa inalala kushoto. Nikasema ah, kushoto ndiko kuna shida, nikachukua mbao mbili na koleo nikabana aileroni ya kushoto, tena nikabana kweli maana nilikuwa na hasira. Nikapaa. Aisee! Ilikuwa mbaya mara mbili, nikarudi kutua nimeshika stiki kulia mkono unatetemeka. Kumbe unabana ile ya bawa JEPESI, la upande wa pili. Sababu yake ni hii, ukiwa hewani aileroni zote mbili zinataka kuinuka zenyewe, na ile iliyobanwa ikawa bapa inavutwa juu kwa nguvu zaidi kuliko iliyovimba. Ukibana ya kulia, ya kulia inainuka, bawa la kulia linashuka kidogo, na lile la kushoto linapata nafuu. Mimi ikabidi nibane ya kulia mara mbili kulipia dhambi ya kushoto, na mpaka leo stiki yangu ni ngumu kidogo kupinda kuliko za wenzangu, kwa sababu zote mbili zimekuwa bapa mno.

Kwa hiyo wewe, bawa zito ni kushoto, bana kulia. Mbao laini pande zote za bati, koleo au mkono, unaenda taratibu urefu wote wa aileroni, mguso mdogo tu ambao macho hayauoni, halafu unaruka. Mguso mmoja, mruko mmoja, unaandika kwenye logibuku. Usirekebishe gololi kwa kabari ya mkia siku hiyohiyo unayogusa aileroni, maana ikipona hutajua nani kaiponya.

Fundi, injini yangu mpya ni Lycoming O-360, nikiwa napanda silinda ya 3 inafika 440 Farenhaiti na nyingine ziko 390. Niko Minneapolis na huku ni baridi, sasa kiangazi itakuwaje? — Mwenye wasiwasi

Wasiwasi mzuri huo. Mtengenezaji anaweka kikomo 500 lakini hicho sio kiwango cha kuishi nacho, wengi wetu tunataka safarini iwe chini ya 400. Injini mpya inachemka zaidi masaa ya mwanzo kwa sababu ringi za pistoni bado zinajikalisha, kwa hiyo usiibembeleze, iendeshe kwa nguvu ya asilimia 65 mpaka 75, na oili iwe ile ya madini tupu mpaka matumizi ya oili yatulie. Kuiendesha polepole ukidhani unaitunza ndio unaiharibu.

Lakini silinda moja kuchemka peke yake, hiyo ni habari nyingine. Kabla hujashika spana hamisha kipimo: toa sensa ya silinda ya 3 weka kwenye ya 1, na ya 1 weka kwenye ya 3. Joto likihama na sensa, umeokoa wikiendi nzima. Likibaki pale pale, basi tatizo ni hewa.

Hewa inaingia mbele, inapita juu ya silinda, inatakiwa ilazimishwe kushuka katikati ya mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kuipoozea. Mabati yanayoizunguka injini ndio yanailazimisha, na kila tundu ni hewa inayokimbia bila kufanya kazi. Subiri usiku. Weka taa kali chini ya injini, zima taa za hangani, chungulia kutoka juu. Utaona nyota! Mimi nilihesabu tisa, kwenye kona, kwenye maungio ya bati, moja nyuma kabisa kubwa naweza kupitisha kidole. Kila nyota ijaze silikoni nyekundu ile ya joto. Halafu ile mipira ya kuziba kati ya mabati na boneti lazima ijikunje kuelekea ndani, hewa ikija iibane kwenye boneti, ikijikunja kwenda nje inafunguka kama mlango na wewe ukiwa chini huoni chochote.

Chungulia pia kati ya mapezi ya silinda, wakati mwingine kunabaki vipande vya chuma vya kwenye kalibu kiwandani vimeziba njia, unavitoa polepole kwa tupa nyembamba. Na wakati wa kupanda shusha pua, nenda kwa noti (maili za baharini kwa saa) 110 au 120, unapoteza mwendo wa kupanda kidogo lakini unaipa injini upepo.

Mimi si rubani, ni mke wa rubani. Bawa liko sebuleni, mkia uko chumba cha watoto, na sasa anasema ataruka mwenyewe mara ya kwanza. Nimzuie?

Dada yangu, bawa la sebuleni sina dawa, langu lilikaa miezi 14. RV-7 ya kawaida watu wanaongelea masaa 1500 mpaka 2000 ya kazi na mimi nilipita hapo, kwa hiyo akikuambia "Krismasi hii" muulize ya mwaka gani.

La kuruka mwenyewe sio la kulicheka. Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali, NTSB, ilitoa utafiti kuhusu ndege hizi na wakakuta ajali nyingi zinatokea mapema, ndege ikiwa bado haijaruka sana, na sababu kubwa ni injini kukata na rubani kupoteza udhibiti. Kwa hiyo usimzuie, mpe masharti. Moja, aende akafundishwe masaa kadhaa kwenye ndege ya aina hiyohiyo na mwalimu, hata kama ana leseni ya miaka 20, kwa sababu wakati wa kujenga watu wanaacha kuruka na mikono inasahau. Pili, aalike mshauri wa ufundi wa EAA, chama cha wanaojiundia ndege, aje kuikagua kabla bati halijafungwa, hao ni wajenzi wenzetu wanakuja bure. Tatu muulize swali hili moja: umepima mafuta yanayofika kwenye injini pua ikiwa imeinuliwa kama unapanda? Mafuta yakisukumwa na pampu yanatakiwa yafike asilimia 125 ya yale injini inayokunywa ikiwa kwenye nguvu zote, na kama yanashuka yenyewe kwa uzito ni asilimia 150. Unachomoa paipu, unakinga kwenye ndoo, unashika saa. Akibabaika kujibu, hajawa tayari.

Na wewe hutapanda siku hiyo hata ukitaka. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa kawaida wanampa masaa 25 ya majaribio kama injini na propela zimethibitishwa pamoja, au 40 kama sio, na abiria hakuna.

Kipima mwendo changu kinasema noti 148, GPS inasema nyingine, nimeziba kila kitu. Toronto.

Matundu yako ya statiki ubavuni, yale yanayokipa kipima mwendo shinikizo la hewa ya nje, umeyafanyaje? Nauliza kwa sababu michoro ya RV inataka ribiti ya pop yenye kichwa cha mviringo, sindano yake ikiwa imetolewa, na watu wanaona ni ya kishamba wananunua vile vya kung'aa vilivyo bapa na bati. Kile kichwa kinachojitokeza ndicho kinachoifanya hewa ipite inavyotakiwa pale, ukiweka bapa kipimo kinadanganya. Lakini kwanza hakikisha kuna uongo kweli. Ruka pande nne, kaskazini mashariki kusini magharibi, urefu uleule nguvu ileile, chukua wastani wa GPS, ulinganishe na mwendo halisi uliosahihishwa kwa joto na urefu. Upepo unakufa kwenye wastani. Wengi wanaoniandikia walikuwa wanalinganisha GPS ya upande mmoja, huo ni upepo tu bana.

Niko Arusha, nina hela kidogo na hamu kubwa. Nilete kiti huku?

Karibu sana. Kabla ya hela yoyote kutoka andikia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, barua, uwaambie ndege gani, nani atakagua ujenzi hatua kwa hatua, itasajiliwa kundi gani, na usubiri jibu la maandishi. Sio la mdomo la rafiki yako pale ofisini. Ushuru nao uulize mapema, makreti ya ndege bandarini yanawapa watu maswali.

La pili, uwanja wenu uko karibu futi 4500. Injini isiyo na turbo inakuwa imeshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu hata kabla jua la mchana halijawaka, kwa hiyo hesabu za kupaa za kwenye broshua zilizopigwa usawa wa bahari ziweke pembeni. Mafuta pia, avgas ukitoka nje ya viwanja vikubwa ni kazi kuipata, ndio maana kwa mtu wa huko ningeangalia ndege yenye injini ya Rotax 912, kama RV-12, hiyo inakunywa petroli nzuri ya kawaida.

Halafu usinunue ndege nzima. Mkia unauzwa peke yake. Uagize huo, uupige ribiti, kichwa cha nyuma kitoke upana mara moja na nusu ya unene wa ribiti na kimo nusu yake, utoboe zilizoharibika urudie, nami utaniandikia baada ya hapo kama bado hamu ipo.