Je, kuzidisha mbolea ya DAP kunaongeza kinga ya nyanya?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nalima nyanya Ngarenanyuki, Arusha. Pakiti ya mbegu iliandikwa kwamba inahimili vidoa vyeusi vya bakteria. Kwenye semina tukaambiwa kinga ya nyanya hufanya kazi kwa protini kuwekewa fosfeti, nami nikazidisha DAP kwa kuwa ina fosfeti. Mbona vidoa vimetokea vilevile?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Semina haikukosea, ila fosfeti iliyotajwa huko si ya kumwaga shambani. Ndani ya seli za jani kuna vimeng'enya vinavyochukua kipande cha fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kukibandika mahali maalumu kwenye protini fulani. Hapo protini huamka, au huzimika. Mmea ukishapata fosforasi ya kuutosha, DAP ya ziada haiamshi kinga.

Kinga dhidi ya vidoa hivyo kwa kawaida hutokana na jeni ya Pto, iliyotoka kwenye nyanya pori. Wanasayansi waliitenga mwaka 1993. Protini yake, nayo huitwa Pto, ni kimeng'enya cha aina hiyo ya kubandika fosfeti. Bakteria huingiza ndani ya seli protini iitwayo AvrPtoB, ambayo huzibandika protini za ulinzi alama ya ubikwitini, na chochote chenye alama hiyo husagwa. Fen, ndugu yake Pto, huishia hivyo. Pto haikubali: huibandika AvrPtoB fosfeti, ikaishiwa nguvu ya kutia alama. Kisha Pto na mwenzake Prf hupiga mbiu, seli zilizovamiwa hufa upesi na bakteria hukwama humo humo. Nimeifundisha habari hii miaka mingi na bado hunisisimua.

Lakini Pto inazijua protini mbili tu za bakteria: AvrPtoB na nyingine iitwayo AvrPto. Bakteria asiyezitoa hupita bila kutambuliwa, hata kama mbegu yako ni halali.

Au ni ugonjwa mwingine kabisa. Chuma tunda bichi ulitazame juani. Vidoa vidogo kama ncha ya kalamu, vyeusi, vya juujuu kiasi cha kukwanguka kwa kucha, ndivyo tunavyovizungumzia. Vikiwa vikubwa na vyenye kigaga, nashuku Xanthomonas, bakteria wa aina nyingine, na huyo Pto haimgusi. Waonyeshe wataalamu wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Tengeru majani na matunda kabla hujanunua dawa yoyote.

Kwa sasa usiingie shambani majani yakiwa na umande, na umwagilie kwa mifereji, maji yasiguse majani. Msimu ujao panda mahindi hapo. DAP isubiri mpaka udongo upimwe.