Maswali ya Wasomaji: Je, Nipunguze Umri Ili Nipate Kazi?

SWALI: Ndugu Mshauri, nina umri wa miaka 52 na ni mkazi wa Morogoro. Nilifanya kazi kwa miaka 17 katika kiwanda kimoja cha nguo, ambako niliingia kama kibarua wa kubeba marobota ya pamba, nikafundishwa ufundi wa mitambo ya kusokota nyuzi na fundi mkuu wa wakati huo, na hatimaye nikawa msimamizi wa zamu. Mwaka jana kiwanda kilipunguza wafanyakazi nami nikawa miongoni mwao. Kiinua mgongo kimekwisha kwa ada za watoto, na fao la kukosa ajira nililolipwa na mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa miezi 6 limekwisha pia. Matangazo ya kazi ninayoyasoma yanataka mtu asiyezidi miaka 35. Mahali pamoja nilipopeleka barua kwa mkono, mlinzi aliniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimekuja kufuatilia maombi ya mwanangu. Kwa kuwa sina cheti cha kuzaliwa, jirani yangu ananishauri nikaape kwamba nilizaliwa miaka 8 baadaye. Je, nifanye hivyo? Na je, mwajiri anaruhusiwa kuweka ukomo wa umri?

JIBU: Ndugu yetu, tunakusihi usiape kiapo hicho. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na hilo peke yake lingetosha, lakini liko jambo jingine ambalo jirani yako hakulifikiria. Tarehe yako ya kuzaliwa imo tayari katika kitambulisho cha taifa na katika kumbukumbu za NSSF. Ikiwa mwajiri wako alichangia kila mwezi kwa miaka hiyo 17, una michango ya miezi 204, na sharti la pensheni ya uzee ni miezi 180. Umri wa kustaafu ni miaka 60, au 55 kwa hiari. Maana yake ni kwamba miaka 3 kuanzia sasa unaweza kudai haki yako, ilhali ukijifanya kijana wa miaka 44 utakuwa umejisogezea pensheni hiyo hadi miaka 11 mbele, huku kumbukumbu zako zikipingana kila utakapofungua faili. Nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango uhakikishe hakuna miezi iliyorukwa, na cheti cha kuzaliwa ukakiombe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa utaratibu wa usajili uliochelewa, kwa tarehe yako ya kweli.

Kuhusu swali lako la pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza ubaguzi katika kifungu cha 7, na umri umetajwa humo waziwazi pamoja na kabila, dini, jinsia, ulemavu na mengineyo. Wengi hudhani kwamba ulinzi huo unaanza mtu anapokwisha kuajiriwa, lakini kifungu hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mwajiriwa, na kinagusa pia matangazo ya kazi na vigezo vya kuchagua watu. Mwajiri anaruhusiwa kubagua pale tu ambapo asili ya kazi yenyewe inadai hivyo, na sisi hatuoni ni kitu gani katika mashine ya kusokota nyuzi kinachomhitaji fundi wa miaka 35 na kumkataa wa miaka 52. Inafaa kukumbuka kwamba hata Mkataba Na. 111 wa mwaka 1958 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ubaguzi katika ajira, haukuutaja umri katika orodha yake. Sheria yetu ilikwenda mbele zaidi, na ni haki tuidai.

Ukiamua kulalamika, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mgogoro wa aina hii hupelekwa ndani ya siku 60. Hifadhi tangazo lenyewe pamoja na nakala ya barua yako, kwa sababu ukionyesha dalili za awali za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Hata hivyo tusikudanganye: shauri linaweza kumwadabisha mwajiri bila kukupatia mshahara mwezi huu. Chagua tangazo moja ambalo ushahidi wake ni mzito, na nguvu iliyobaki ielekeze katika kutafuta kazi.

Ajira za serikali ni jambo jingine. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka ukomo wa miaka 45, isipokuwa kwa walio tayari serikalini. Ukitoa 45 katika 60 unabaki na miaka 15, ambayo ni ile miezi 180 ya pensheni. Hesabu hiyo inaeleweka, ingawa kwa mtu ambaye miezi yake imekwisha kutimia kama wewe haina mantiki, na tungependa siku moja itazamwe upya. Kwa sasa usipoteze nauli huko.

Sasa turudi kwa yule mlinzi, maana katika habari yako yote hapo ndipo tuliposimama kwa muda mrefu. Hakukudharau, alikuamkia. Kwetu mtu mzima hafungiwi mlango kwa matusi, hufungiwa kwa heshima. Meneja wa miaka 30 anayekuita mzee anajiuliza moyoni atakuamrishaje urudie kazi uliyokosea, na atakukaripiaje ukichelewa, wakati nyumbani alifundishwa kumwinamia mtu wa umri wako. Aibu hiyo haiandiki popote. Anaandika tu kwamba anataka kijana. Kwa hiyo unapoitwa kwenye usaili, usisubiri aulize. Mwambie kwamba kazini yeye ni kiongozi wako, kwamba ulipokuwa msimamizi wa zamu ulijifunza pia kusimamiwa, na umpe mfano wa siku ulipopokea agizo la mtu mdogo kwako na kazi ikaenda. Tumewaona watu wakifunguliwa mlango kwa maneno hayo.

Barua yako iitoe mitambo mbele na miaka nyuma: aina za mashine ulizozitengeneza, hitilafu ulizozizoea, vijana uliowafundisha. Hakuna sheria inayokulazimisha kuandika tarehe ya kuzaliwa katika wasifu wako. Kuinyamazia si kudanganya, mradi ukiulizwa useme kweli. Na kwa kuwa ufundi uliupata kazini bila cheti, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, uulizie urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi wa namna yako hupimwa kwa kile anachokiweza na kutunukiwa cheti. Ukishakuwa nacho, waendee pia wenye viwanda vidogo na vinu vya kukamua mafuta, uwaombe mkataba wa kazi mahususi, kama vile kufunga mashine mpya au kufanya matengenezo makubwa ya mwaka. Mwenye kinu ambaye mashine yake imesimama msimu wa alizeti hatakuuliza ulizaliwa lini.

SWALI: Mimi ni mhazili wa miaka 44, ninaishi Tanga. Niliacha kazi miaka 5 iliyopita ili kumuuguza mama yangu hadi alipofariki. Kwenye usaili niliulizwa kwa nini nilikaa nyumbani muda wote huo, nikashindwa kujibu. Niseme nini?

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada. Sema hivyohivyo ulivyotuandikia, kwa sentensi moja, bila kuomba radhi. Majukumu ya familia nayo yamo katika kifungu hichohicho cha 7, na kuuguza mzazi si doa la kufichwa. Kinachomtia mwajiri wasiwasi zaidi ni kama bado unazijua programu za kompyuta zinazotumika maofisini leo, kwa hiyo jinoe kwa wiki kadhaa katika chuo kilicho karibu nawe kabla ya usaili ujao, na uende na nyaraka mbili ulizoziandaa mwenyewe. Kwa umri wako, ule ukomo wa miaka 45 haujakufikia: maombi ya serikalini yatume mwaka huu.