Uliza Mwalimu: Je, mwili unafundisha kuliko maneno?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi aliyekuja kunikagua aliandika kuwa maelezo yangu yanaeleweka, ila "mwili unawafunga wanafunzi midomo". Wenzangu wananiambia asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Niache kuhangaika na maelezo, nijifunze ishara?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Usiache. Hiyo 93 inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja na kuonyeshwa picha za nyuso, wakakisia kama msemaji anampenda anayeambiwa au hampendi. Mambo ya hisia hayo. Jaribu kufundisha kugawanya sehemu kwa mikono na uso tu, uone kama kuna atakayetoka na jibu.

Mkufunzi wako ameona jambo jingine, nami nalikuta kwa karibu kila mwanachuo ninayemkagua. Anamaliza kueleza, anauliza "Mmeelewa?", na papo hapo amegeuka anafuta ubao. Mdomo umeuliza, mgongo umeshafunga mjadala. Mtoto aliyekwama anausoma huo mgongo, anaitikia "Ndiyooo" pamoja na wenzake, basi.

Weka dasta chini. Geuka, mikono iwe wazi, uliza jambo mahususi: "Kwa nini hapa tumegeuza sehemu ya pili?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana kimya kinamtisha mwalimu mgeni kuliko kelele. Mtafiti Mary Budd Rowe aligundua kuwa walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kurudia swali au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata wanafunzi wasiozoea kujibu wakaanza kusema. Wakati unasubiri, uso wako uonyeshe kweli unataka kusikia. Ukikunja ndita au kutazama saa, umewajibu wewe.

Sauti nayo, usiongee ukiwa umeelekea ubao. Andika, geuka, ndipo useme.

Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu dakika 10 za somo. Tazama kwanza bila sauti, kisha sikiliza bila picha. Pale ambapo video isiyo na sauti inaonyesha mtu mwenye haraka ya kuondoka, huku sauti inasema "ulizeni maswali", anzia hapo.