Mashona nguo na ini: kipimo gani kinatosha?

SWALI: Huku Rungwe wazee huchemsha mashona nguo wakampa mgonjwa mwenye macho ya njano. Nasomea maabara, nataka kupima kwa panya kama kweli inakinga ini. Nianzie wapi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Anzia kwenye mmea. Kandamiza tawi lenye maua, mtaalamu wa mimea alitambue. Baadhi ya mimea ya jamii ya marejea, kwa mfano, ina alkaloidi zinazoharibu ini. Majani yakaushe kivulini yakiwa yametandazwa. Mvua za Rungwe unazijua: yakishika ukungu yatupe, maana kuna kuvu watoao aflatoksini, nayo ni sumu ya ini. Chemsha kwa maji kama wazee wanavyofanya. Ukitumia spiriti, dawa unayopima siyo yao.

Ukishapata kibali cha maadili, jaribu kwanza usalama: miligramu 2,000 kwa kilo ya uzito, ukiwatazama panya siku 14.

Kisha panga makundi ya panya sita sita: wasiopewa sumu, wenye sumu tu, wenye sumu na silimarini (dawa ya ini ya kulinganishia) miligramu 100 kwa kilo, na mawili ya sumu na mmea, miligramu 200 na 400 kwa kilo. Ongeza kundi la mmea bila sumu, wengi hulisahau. Dawa hutolewa siku saba. Siku ya saba panya wa makundi ya sumu wachome tumboni sumu yenyewe, kaboni tetrakloridi, iliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya zeituni, mililita 1 kwa kilo. Mvuke wake huumiza hata ini lako, fanyia kwenye kabati la kufyonza hewa. Baada ya saa 24 pima kwenye damu ALT na AST (vimeng'enya vinavyovuja ini likiumia) na bilirubini (rangi inayofanya macho kuwa ya njano), na kipande cha ini kiweke kwenye formalini asilimia 10. Chembe za damu zikivunjika wakati wa kuitoa, AST hupanda bure.

Sasa penye mtego. Kaboni tetrakloridi huwa kali baada ya kimeng'enya cha ini, CYP2E1, kuigeuza. Mmea ukikizima kimeng'enya hicho, ALT hushuka na utashangilia, kumbe sumu haikuzaliwa kabisa. Kwa hiyo weka kundi jingine linaloanza mmea saa kadhaa baada ya sumu. Hilo ndilo linalofanana na mgonjwa wa wazee wenu, anayekuja macho yakiwa tayari ya njano.

Hata likifanya vizuri, panya wako hawana homa ya ini B wala mawe ya nyongo. Mgonjwa mwenyewe aende akapimwe hayo hospitali, asisubiri majibu yako.