Kama unatapikaga kwenye gari na umepangiwa upasuaji wa taya, soma hii

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji, mdogo wake kavunjika taya kwa ajali ya bodaboda, wanataka kumfunga waya, anauliza eti mtu anaweza kutapika huku meno yamefungwa? Ndiyo dada, anaweza, mimi yalinikuta na mpaka leo roho inaniuma maana hakuna aliyeniuliza chochote kabla.

Mara ya kwanza nimezinduka kwenye nusu kaputi wamenilaza chali, meno yamefungwa, koo zima ladha ya damu, tumbo linavuruga. Yaliyotoka meusi. Ile ni damu unayoimeza wakati wanakupasua, ikikaa tumboni inachafua vibaya sana. Mama mdogo ndo aliyeninyanyua akaniinamisha mbele, vikapita kwenye mianya ya meno na nyuma ya magego. Shikeni hiyo: kuinama mbele, siyo kulala chali! Na koleo ya kukatia waya iwe pale pale kitandani, nesi wa zamu aijue ilipo.

Baadaye nikarudi kutolewa pleti, kile chuma cha kushikilia mfupa wa taya, safari hii nikamng'ang'ania daktari wa usingizi mpaka akakaa. Kumbe kuna kipimo chao kinaitwa Apfel, maswali 4 tu: we ni mwanamke? huvuti sigara? unatapikaga safarini au ulishatapika baada ya upasuaji? utapewa dawa za maumivu jamii ya mofini? Ukiwa na yote 4 hatari ya kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji inafika kama asilimia 80. Mimi ule mlima wa kupanda Newala ukitokea Masasi sijawahi kuumaliza bila mfuko, sasa mtu wa hivyo unamwachaje bila dawa?

Basi akanipa dawa za kuzuia kutapika, deksamethasoni mwanzoni, ondansetroni karibu na mwisho, usingizi wenyewe wa kwenye mshipa badala ya gesi, na kabla sijaamka wakanyonya damu yote tumboni kwa mpira. Nimeamka safi kabisa, jioni nakunywa uji mwembamba, wodi nzima wananishangaa.

Ndugu zangu wa Kusini tuache kunyamaza mbele ya daktari. Kusema siyo kukosa adabu. Sema unatapikaga, sema kama una kisukari maana deksamethasoni inapandisha sukari, uliza kama maumivu yanaweza kutulizwa na parasetamoli na ganzi ili mofini ipungue. Sema tena hata kama ulishasema, wanabadilishana zamu.

Dada, mdogo wako ni mwanaume ila asijione kasalimika, damu ataimeza tu. Chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, labda wawaambie vingine. Akiamka mnyanyueni kichwa, mate na damu ateme asimeze, kichefuchefu kikianza tu mwiteni nesi msisubiri atapike. Uji uchujwe, anywe kidogo kidogo. Ukijua tarehe ya upasuaji niandikie.